Jirani Aliyefanywa Zimwi

Nimetazama sinema mbovu nyingi katika maisha yangu, lakini ile niliyoitazama Jumamosi iliyopita alasiri imeziacha zote nyuma. Na aliyeitengeneza ni mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo sikuweza hata kuinuka nikaondoka. Nilikaa pale, katika ukumbi mdogo wa jumuiya kule Downsview, hapa Toronto, uliobanwa kati ya maghala mawili, kiti cha plastiki kikinichoma mgongo, mama yangu kaketi kulia kwangu na mkoba wake mapajani, na mbele yetu kitambaa cheupe kilichokunjamana pembeni.

Ni sinema ya kutisha, au ndivyo ilivyokusudiwa. Inahusu manananggal, zimwi la Wafilipino: mwanamke ambaye mchana ni mtu kama wewe na mimi, na jua likizama mwili wake unachanika kiunoni. Miguu inabaki imesimama pale pale, kipande cha juu kinaota mbawa na kuruka kwenda kutafuta nyumba yenye mjamzito. Likishatua juu ya paa linateremsha ulimi mrefu, mwembamba kama uzi, linyonye kilichomo tumboni. Hebu niambie, mtu akikupa kisa kama hicho utakiharibuje? Mdogo wangu amekiharibu. Mbawa zilikuwa mifuko myeusi ya taka, na tepu iliyozishika ilikuwa inaonekana. Utumbo ulioning'inia ulikuwa soseji, nazijua, ni zile zile za duka la nyama halali karibu na kwetu. Damu ilikuwa sosi ya tomato. Zimwi lenyewe lilichezwa na rafiki yake, binti wa Kikongo mwenye sura ya upole, hajui neno hata moja la Kifilipino, na kila alipotakiwa kunguruma alikuwa anabana kicheko. Usiku ulipoingia kwenye hadithi, giza likaingia na kwenye picha, ikawa hatuoni chochote ila tunasikia watu wanapiga kelele kwa Kiingereza. Hicho ndicho kipande nilichokivumilia vizuri kuliko vyote.

Lakini kilichonikera hasa ni mlio. Zimwi lile lina mlio wake, tik-tik-tik, na ujanja wake ni huu: likiwa mbali mlio ni mkubwa, likikaribia unafifia, mpaka ukiwa husikii kitu ndipo liko juu yako. Mdogo wangu kaupindua. Kwake yeye mlio unazidi kadiri linavyosogea, kama gari la wagonjwa. Nikajisemea, huyu kasikia hadithi nusu, kaiepua kabla haijaiva. Mimi niliisikia nzima, na niliisikia kwa mwenyewe.

Wewe hukuwahi kufika kwetu enzi zile. Tulikaa mtaa wa Jane na Finch, katika moja ya yale maghorofa marefu ambayo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Baba alikuwa anapakia mizigo ghalani, akitoka alfajiri na kurudi jioni, mabuti yake yakichuruzika maji ya theluji kwenye gazeti mama alilotandika mlangoni. Korido yetu ilikuwa na harufu zake. Kwa yule mzee wa mlango wa mwisho ilikuwa sigara, kwetu ilikuwa udi na nazi ya kopo, na mlango wa pili yetu ilikuwa samaki mkavu anakaangwa. Watu wa ghorofa ile walikuwa wanaziba pua na kulalamika. Sisi tulikuwa tunaivuta ile harufu kwa nguvu, maana kwa watu wa Tanga ng'onda ni ng'onda tu, hata ikikaangwa na Mfilipino.

Yule jirani alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye aproni ya maua na ndara za manyoya za buluu. Asubuhi alikwenda kuwatunza wazee katika nyumba za watu, na mchana alikuwa kesharudi. Wanawe mwenyewe aliwaacha kwao kwa dada yake, picha zao kazibandika kwenye friji. Mama alipopata ile mimba ya mdogo wangu ikaanza kumsumbua, daktari akamwamuru alale, asiinue kitu, asishike hata ndoo. Alikuwa amekwisha kupoteza mbili kabla ya hapo. Nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole, na baba alikuwa anasali kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Jirani hakungoja kuitwa. Alikuja na sufuria ya uji wa mchele uliopikwa na kuku na tangawizi mpaka umelainika, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamlisha mama kama mtoto. Kesho yake akaja tena. Ikawa ndiyo desturi.

Wakati mama anasinzia ndipo alipokuwa ananisimulia, kwa Kiingereza chake cha pole pole, huku anamenya vitunguu saumu. Mabomba ya joto ukutani nayo yana tabia ya kugonga yakipoa, tik, tik, tik, na mimi nilikuwa nawasikiliza wote wawili, yeye na mabomba, moyo mkononi. Mabomba yakinyamaza nilikuwa namsogelea mpaka nakaa juu ya aproni yake. Sasa sikiliza jambo ambalo mdogo wangu halijui. Katika hadithi yake zimwi lilikuwa na nafasi ndogo sana. Sehemu kubwa ilikuwa habari za watu wa nyumba ile: nani alikaa dirishani, nani alishika chumvi, shangazi yupi alisinzia akapigwa kofi, babu yupi alizunguka nyumba na mkia wa taa, yule samaki bapa, akichapa hewa. Kijiji kizima kilikuwa kinamlinda mwanamke mmoja. Katika ile sinema mjamzito anakaa peke yake saa nzima, hana hata mtu wa kumchemshia chai. Upuuzi mtupu.

Basi jirani naye akamlinda mama. Alitundika vitunguu saumu dirishani, akanyunyiza chumvi ya mawe kwenye kizingiti na roshani, na jivu juu yake, kwa sababu kwao hivyo ndivyo vitu zimwi lisivyoviweza. Jivu lenyewe lilitoka kwenye chetezo chetu cha udi. Mama ndiye aliyempa, mwenyewe, kwa mkono wake, huku anacheka. Alisema kinga haina dini, na mwenye mgonjwa haulizi dawa imetoka wapi.

Kisha Bibi akaja kutoka Tanga, mama yake baba, kuja kumwangalia mkwewe mpaka ajifungue. Siku za mwanzo mambo yalikuwa matamu. Aliposikia ile harufu ya samaki kwenye korido aliuliza nani huyo mtu wa kwetu, na baba akacheka mpaka akashika ukuta. Jirani alikuja na uji wake, Bibi akampokea, wakaketi wanatazamana na kutabasamu kwa kuwa hapakuwa na lugha kati yao. Mama akawa mkalimani. Mazungumzo yakafika kwenye zimwi, jirani akaeleza yote, kiuno, mbawa, ulimi, mlio, na Bibi akasikiliza bila kupepesa macho mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu, akamtaka mama alitafsiri, na mama akakataa kulitafsiri. Aliuliza: "Na yeye yote hayo kayajuaje?"

Asubuhi yake, baada ya sala, Bibi akashika ufagio. Akafika kwenye kizingiti akaiona ile chumvi na lile jivu. Wewe ni mtu wa pwani, sina haja ya kukueleza. Kwetu kinga huiweka mwenye nyumba. Mgeni akimwaga kitu mlangoni mwako, hicho ni kitego, na mlango ukitegwa na ndani mna mjamzito, anatakiwa afe mmoja kama si wawili. Bibi hakupiga kelele. Alifunga mlango, akachemsha maji, akayasomea, akakiosha kizingiti tena na tena mpaka zulia la korido likalowa. Vitunguu saumu vikaenda na taka. Mama alikuwa kalala pale, anaona kila kitu, na angeweza kusema neno moja tu, kwamba jivu ni letu na nimelitoa mimi. Hakulisema. Mkwe na mama mkwe, tena yuko kitandani na mimba ya mashaka, atasema nini? Alisema "ndiyo, mama" akageukia ukutani.

Mchana jirani akaja na sufuria yake kama kawaida. Bibi akaipokea mlangoni, mlango ukiwa nusu, akaumwaga uji wote kwenye sinki, akaisugua sufuria na kuirudisha. Ilirudi tupu, haina hata ndizi moja ndani. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama una chumvi tu nyumbani unatia chumvi. Jirani aliipokea, akamshukuru, na sijui kama alielewa. Mimi nilielewa, na nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Tangu siku hiyo mlango haukufunguliwa. Tulikuwa tunasikia ndara zake zinaburuzika kwenye korido, zinasimama mbele ya mlango wetu kidogo, halafu zinaendelea.

Uchungu ulimshika mama kabla ya wakati wake, alasiri, baba yuko kazini, nje theluji inaanguka mfululizo. Bibi alimshika mikono akawa anasoma. Alikuwa anasoma vizuri, sitamnyima haki yake, lakini Kiingereza hakijui na simu haijui. Mama ndiye aliyegonga ukuta. Aliupiga kwa kisigino, akiwa chini kwenye mkeka, pah, pah, pah, na kabla hajamaliza jirani alikuwa mlangoni na ndara zake, nikamfungulia. Bibi akajiweka katikati ya mlango na mikono kaitanua. Jirani akapita chini ya kwapa lake.

Aliita gari la wagonjwa, kisha akapiga magoti. Gari halikuwahi. Mdogo wangu alitoka mwenyewe pale mkekani, mdogo, mweusi wa buluu kama zambarau, kimya. Nilikuwa nimesimama karibu na friji, nikaona yote. Jirani alimlaza kwenye kiganja, akainama, akauweka mdomo wake juu ya pua na kinywa cha mtoto, akavuta, akageuka akatema kwenye taulo. Akavuta tena, akatema. Mtoto akapiga chafya, halafu akalia, na mama naye akalia, na mimi nikalia, na jirani akakaa chini akawa anacheka huku makamasi ya mtoto yako kidevuni mwake.

Bibi alikuwa nyuma yake. Aliona mgongo umeinama na mdomo umemfunika mtoto. Bibi huyu, ambaye huko Tanga amewaona wakunga chungu nzima wakifanya hivyo hivyo, siku ile aliona kitu kingine kabisa. Na hakukificha. Kila Idi, kila akika, kila mgeni aliyekanyaga kwetu Toronto alikisikia: kwamba alimkuta mchawi wa Kifilipino kamwinamia mjukuu wake, anamnyonya roho, na dua zake yeye ndizo zilizomfanya amteme. Wageni walipouliza mbona basi mtoto alipona mikononi mwake, jawabu lilikuwa tayari: aliyefunga ndiye anayejua kufungua. Utamshindaje mtu wa namna hiyo? Baba alikuwa anatania tu, mchawi mpe mwana amlee, watu wakacheka wakapakua pilau. Mama alikuwa anaingia jikoni. Mimi nilikuwa nasema kwamba haikuwa hivyo, naambiwa watoto hawakati maneno ya wakubwa.

Jirani alihama theluji ilipokuwa inayeyuka. Wanawe walikuwa wanakuja, kapata nyumba kubwa zaidi, sijui upande gani wa mji. Aligonga kwetu kuaga. Bibi alikuwa sebuleni anavuta tasbihi, na mama alisimama nyuma ya mlango na mtoto mgongoni, akachungulia kwenye kile kitundu cha kioo, hakuthubutu kufungua. Nikasikia ndara zinaondoka, lifti ikafunguka, ikafungwa.

Sasa rudi nami kule Downsview, kwenye kiti cha plastiki. Sinema inakaribia kwisha, shukrani kwa Mungu. Picha ikapata mwanga. Zimwi limekunja mbawa zake za mifuko ya taka, liko ndani ya nyumba ya ghorofa, na hapo ndipo nilipotazama vizuri. Limevaa aproni ya maua. Miguuni, ile miguu iliyoachwa imesimama peke yake jikoni, kuna ndara za manyoya za buluu. Nilihisi mama kaacha kutafuna bisi zake. Zimwi likamwinamia mtoto mchanga mkekani, bibi mmoja wa Kiafrika mwenye kilemba akasimama mlangoni na tasbihi, na kamera ikasogea pole pole mpaka ikajaa mdomo. Mdomo ukashuka juu ya uso wa mtoto. Watu wakapiga yowe, wengine wakapiga makofi. Mdogo wangu kasimama pembeni na viatu vyake vyeupe, anatabasamu mpaka masikioni. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hapigi picha akaonyesha watu.

Akapanda mbele akajibu maswali. Kwa Kiingereza akasema kisa hiki ni cha kweli, kilimpata yeye siku aliyozaliwa, na bibi yake shujaa ndiye aliyemwokoa. Ukumbi ukamshangilia. Akamwonyesha mama kwa mkono, ajulikane ni mama wa nani. Mama hakuinuka.

Alimngojea karibu na meza ya bisi, watu walipokwisha kumpongeza. Nilidhani atamlaumu kwa ile damu ya tomato, au atasema ni nzuri mwanangu, kama anavyosema siku zote. Alimshika mkono akamvuta pembeni, akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini: "Yule mwanamke alikuwa anakutoa makamasi. Ulizaliwa huna pumzi. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikosea, na mimi nilinyamaza miaka yote hii." Mdogo wangu akamjibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili kwake kinaingia lakini hakitoki, kwamba mama, hii ni sinema tu. Mama akamwambia tena maneno yale yale, toka mwanzo mpaka mwisho, taratibu. Alijigusa pua, nadhani bila kujua.

Sitakudanganya kwamba nilimhurumia. Nilikuwa na hasira naye, na Bibi kaburini, na mama pia, na wale wote waliokuwa wanakula pilau letu na kuipokea hadithi ile pamoja na kachumbari. Bisi zenyewe zilikuwa zimepoa.

Jumapili akaja nyumbani na kompyuta yake, akaiweka juu ya meza ya chakula. Hakutazama mtu. Alisema sinema keshawaahidi watu wa tamasha, hawezi kuipiga picha upya, lakini mwishoni, yanapopita majina, anaweza kuongeza maneno. Aeleze kwamba mwanamke yule hakuwa vile, kwamba ndiye aliyempa pumzi, na amshukuru kwa jina lake, herufi kubwa, peke yake kwenye kitambaa. Ndilo jambo la kwanza la maana nililomsikia akisema tangu aanze mambo ya kamera. Vidole vikiwa juu ya vibonye, akamwuliza mama: anaitwa nani?

Mama akafungua kinywa. Akanitazama mimi. "Anti," nikasema. Sote tulimwita Anti. Baba akaitwa kutoka chumbani, akasema yeye alikuwa akimwita jirani, na mkewe ndiye aliyekuwa na mazoea naye. Mama akajaribu, akafumba macho, akasema kulikuwa na karatasi ya jina lake kwenye kisanduku chake cha barua kule chini, ameipita kila siku, herufi nyingi, hakumbuki hata ya kwanza. Mji wao hatuujui. Wanawe walioko kwenye friji hatukuwahi kuuliza waliitwa nani. Uji wake tunaujua, mama anaupika mpaka leo mtu akiugua. Ghorofa lile sasa lina watu wengine, nimepita juzi na basi, roshani yetu wameweka baiskeli, na sidhani kama kuna anayekaanga samaki mkavu pale.

Lile zimwi tunalijua jina. Mdogo wangu analitamka vizuri kabisa, silabi zote, kajifunza kwa ajili ya sinema. Alisubiri na vidole vyake juu ya vibonye mpaka kioo cha kompyuta kikazimika chenyewe, akakigusa kikawaka tena, na mama akasema andika tu jirani.